Kanda la Usufi

Ipuli, saa tano usiku. Treni ya Kigoma ishapita,
meza ya kupimia imetulia,
mistari ya leza haitetemeki tena kwenye skrini.
Tunaweza kuanza.

Mimi ni kitukuu cha mpagazi.
Alibeba pembe, frasila mbili na ushei,
kutoka Ujiji hadi pwani,
hata bega likaota sugu kama goti la ngamia.
Picha yake hatuna. Tuna sugu tu, katika masimulizi.
Nami kazi yangu ni mzigo,
ila nalipwa kuupunguza,
kwa kuwa roketi haina bega,
na kila gramu inayopanda hutozwa hongo
kama misafara ilivyotozwa kwa kila mtemi.

Kioo cha kawaida hakifai,
nilimwambia Mihambo siku yake ya kwanza.
Eksirei haina adabu ya mwanga.
Ukiikabili uso kwa uso inazama isitoke,
au inapenya, kama ilivyopenya kifua cha mama pale Kitete
ikatuonyesha mbavu, na kile kidoa.
"Sasa utaikamataje?"
Jumapili nikampeleka bwawani Igombe.
Nikaokota kijiwe bapa, nikakitupa toka juu:
chubwi.
Nikaokota kingine, nikainama,
nikakirusha kwa ubavu, karibu sambamba na maji,
kikaruka mara sita, kikaruka ya saba.
"Usiizuie," nikasema. "Iparuze."

Ndiyo maana vioo vyetu haviitazami nyota.
Vinasimama kama mapipa yasiyo kitako,
kimoja ndani ya kingine, maganda ya kitunguu,
mnururisho upite katikati ukigusa kuta kidogo tu.
Mihambo ni mtoto wa mrina asali, Sikonge.
"Mizinga ya magome," akasema. "Mnatengeneza mizinga."
Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.
Baba yake hubandua gome la mtundu mvua zikianza,
litoke zima, lisipasuke;
nasi twabandua kaboni kwenye kalibu
kwa hofu ileile, pumzi zimebanwa:
nyuzi nyeusi, nyembamba kuliko unywele,
zimelazwa pembe kwa pembe, zikanyweshwa gundi, zikaokwa.
Nta ya Sikonge tuliijaribu ili ganda lising'ang'anie.
Iliacha ukungu. Si kila cha nyumbani kinafaa.

Ganda la kumi na nne lilikufa umeme ulipokatika
saa ya sita ya kuoka. Jenereta ilikohoa, ikagoma.
La kumi na tano lilitoka zima. Tukalivika dhahabu,
na chini ya mng'ao ule nyuzi zikajichora,
msuko kwa msuko, kama mkeka chini ya shuka.
Kidole hakisikii, jicho halioni.
Eksirei ingeona: kwake kijituta kile
ni kichuguu katikati ya barabara.
Nilikaa sakafuni nikala muhogo uliopoa.
Sikulia. Nilihesabu.

Hili ni la kumi na sita.
Juu ya nyuzi tuliongeza ngozi ya gundi tupu,
tukalipoza siku mbili, polepole,
kama unavyomtoa mtoto usingizini mgongoni.
Mistari kwenye skrini imenyooka,
isipokuwa pale ukingoni, inapogeuka kidogo
kama mtu aliyesikia jina lake.
Mihambo ananiangalia. Hasemi.
Analiinua kwa vidole viwili vya glavu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
huambiwa anayeona wa wengine haulemei.
Nikasema, nipe.
Nikaliweka begani, juu ya koti jeupe,
kinyume cha kanuni zote nilizobandika mlangoni mwenyewe.
Bega langu halikusikia kitu.

Kisha nikalirudisha mezani,
nikamwambia aandike kipimo, na ule mpindo pia, asiufiche,
kabla treni ya mizigo haijafika.